Si Lazima Ujue Kusoma Ili Umsomee Mwanao

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali hapa Tanga, Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza tu pale nilipojirudia.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Bibi na babu zangu mliopewa benchi la kivulini, shikamooni. Na nyie mnaochungulia dirishani, nawaona.

Nimepewa nusu saa. Mwalimu mstaafu ukimpa nusu saa atakula saa nzima, kwa hiyo mama wa chai pale nje apunguze moto kidogo, mihogo isiungue kwa sababu yangu.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Si la pili, si la saba, la kwanza tu. Wenzangu walipanda wakawa wakuu wa shule, wakawa maafisa elimu kata, mmoja akawa diwani. Mimi nilibaki na ba, be, bi, bo, bu. Sijutii. Lakini katika miaka hiyo nimeaibika mara mbili, na ndizo zilizonileta hapa leo.

Ya kwanza. Mwaka huo nilikuwa na watoto 94 kwenye chumba kimoja. Akaja mkaguzi. Nikamwita mbele kijana wangu hodari, tumwite Juma, ingawa si jina lake, nikampa kitabu. Akasoma: "Baba analima. Mama anapika. Kuku anakula mtama." Sauti safi, kidole kinatembea chini ya mstari. Mkaguzi akatabasamu, akakichukua kitabu, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Juma hakukatika hata kidogo. Baba analima, mama anapika, kuku anakula mtama. Na kidole kinatembea vilevile.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimefundisha kwaya, sikufundisha kusoma. Mkaguzi hakunisema mbele ya watoto, namshukuru mpaka leo, lakini kwenye daftari lake aliandika mstari mmoja ambao sitausoma hapa.

Nikajirekebisha. Miaka ikapita, nikapata msichana mmoja aliyekuwa anasoma kweli, si kwa kuimba. Huyu ungemgeuzia kitabu, angekukunjia uso akakiweka sawa. Siku moja akasoma: "Mkulima alipalilia shamba lake." Hakuna silabi iliyomponyoka. Nikamuuliza, mkulima alifanya nini?

"Alilia."

Alilia nini?

Akafikiri. "Mvua haikunyesha."

Mnacheka. Nami nilicheka, kisha usiku nikakosa usingizi. Yule mtoto hakukosea kutamka. Alilitamka neno lote, akatafuta ndani yake kipande anachokijua, akapata "lilia", akamhurumia mkulima na sababu akamtungia. Mtoto wa mjini, mama yake ana genge la nyanya na vitunguu, hajawahi kumwona mtu akipalilia. Neno "palilia" halijawahi kupita sikioni mwake. Litapitaje machoni?

Hapa ndipo nataka tuelewane, maana wazazi wengi mnadhani kazi ya kumwandaa mtoto kusoma ni kumkaririsha a, e, i, o, u nyumbani. Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wenzetu wengi hawana. Tuna irabu tano na kila moja ina sauti yake, haibadiliki. Neno linaandikwa kama linavyotamkwa. Mtoto wa Kiingereza anahangaika miaka na maneno yasiyoandikwa kama yanavyosikika, wakati wa kwetu akishazishika silabi, miezi michache tu, anaweza kutamka neno lolote utakalomwekea mbele, hata ambalo hajawahi kulisikia maishani. Atasumbuka kidogo na ng'ombe na ngoma, ile alama ya juu wanaisahau sana, atasumbuka na dh na gh, basi. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeziweka mbele zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wanazishughulikia.

Ila zawadi hiyo ina hila. Kwa sababu kutamka ni rahisi, mtoto wetu anaweza kusoma kama redio: sauti inatoka, yeye mwenyewe haelewi. Mzazi anasikia sauti, anafurahi, anasema wangu anajua kusoma. Wale wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walioanza mwaka 2009 kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na hapa Tanzania, waliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kila walipopita wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu na kuendelea hadithi hiyo inawashinda. Kutamka tuachieni sisi walimu. Maneno ni kazi yenu, na mnaianza mtoto akiwa bado mgongoni.

Sasa kuna watu hapa wameshaanza kutazama chini. Nawajua, nimekaa nao vikao vingi. Wanajisemea moyoni: mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma, nitamsomeaje?

Nisikilizeni vizuri. Kuna utafiti ulifanyika vijijini magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2020. Wazazi walipewa vitabu vya hadithi vya watoto vinavyoendana na lugha na maisha yao, na baadhi wakafundishwa namna ya kukaa na mtoto wakakizungumzia kitabu. Baadhi yao kusoma hawajui. Watoto wa wale waliofundishwa waliongeza maneno kutoka kwenye hadithi hizo. Na watoto wa wazazi wasiojua kusoma walinufaika angalau sawa na watoto wa wazazi wanaojua. Bibi yangu pale kwenye benchi, mwenye mtandio wa kijani, umesikia? Angalau sawa.

Nilipoisoma habari hiyo sikushangaa, maana mimi niliiona kwangu kabla haijaandikwa na mtu.

Mtoto wangu wa kwanza nilimfundisha mwenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza, nani mwingine? Rula mkononi. "Hii nini? Na hii je? Si nimekwambia jana?" Alipofika miaka 5 alizijua herufi zote, na akiona kitabu anaingia uvunguni. Leo ni mtu mzima, fundi umeme hodari sana, na hasomi hata kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi la dawa. Hilo nimelisababisha mimi, na yeye anajua kwamba najua.

Wa pili alikulia mikononi mwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Msambaa wa Lushoto, mkulima wa kabichi na maharage. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wanawake wenzake kijijini walienda kisomoni. Yeye alikuwa na mapacha wachanga, akasema atakwenda mwaka unaofuata. Kisha mwaka ukafuatwa na mwaka, na watoto wakafuatwa na watoto.

Alipokuja kukaa na sisi, nilikuwa na kitabu kimoja tu cha picha nyumbani, cha mbuzi. Mchana mimi niko shuleni, yeye anakaa barazani na mjukuu, anafungua kitabu na kusimulia. Siku moja mbuzi anamkimbia mchinjaji. Siku nyingine mbuzi ni mbeya anayepeleka umbea kwa majirani. Mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisambaa. Mimi nikirudi nachukia. "Mama, hapo hapajaandikwa hivyo." Ananitazama. "Wewe soma yako, na mimi nasoma yangu."

Usiku namsomea mtoto kitabu kilekile, yaliyoandikwa, neno kwa neno, kama mwalimu. Usiku mmoja, hajafika miaka minne, akaniuliza: "Mama, mbona bibi akisoma mbuzi anasema vingine kila siku, na wewe ukisoma anasema vilevile?"

Nikaweka kitabu chini. Jambo ambalo Juma wangu, na kidole chake kinachotembea, hakulifahamu darasa la kwanza zima, huyu kalikamata mwenyewe kitandani: kwamba kuna kitu kwenye karatasi kinachomshika msomaji mdomo, asiseme apendavyo. Nikamwonyesha ile mistari chini ya picha. Nikamwambia bibi anasoma picha, mama anasoma hivi vidudu vyeusi. Akavitazama sana. Akasema, "Na mimi nataka vya mama. Lakini hadithi ya bibi ni tamu."

Ukweli ni kwamba ilikuwa tamu. Na maneno aliyoyajua mtoto yule alipoanza shule, kupalilia, kuparaza, kung'oa, kubwia, kutafuna, kucheua, yote yalitoka kwa bibi asiyejua a.

Hebu niwaonyeshe. Kitabu hiki nacho ni cha mbuzi, kina kurasa 16, na kila ukurasa una mistari miwili. Ukisoma mistari tu, dakika tatu umemaliza, mtoto anasema "kingine". Sasa tazameni. Nakaa chini, mtoto namkalisha hapa kwenye paja, si mbele yangu kama mtuhumiwa, naye anashika upande mmoja wa kitabu. Picha ya kwanza: kamba ya nguo, kanga inaning'inia, mbuzi kasimama chini yake.

Namuuliza, unaona nini? Kisha nanyamaza. Hapa ndipo watu wazima tunaposhindwa. Tunauliza na kujibu wenyewe. Hesabu moyoni hadi tano. Mtoto anatafuta neno, mwache alitafute.

"Mbuzi anakula nguo."

Usimwambie "vizuri" ukafunua ukurasa. Mrudishie sentensi yake ikiwa imenenepa. "Ee, mbuzi anatafuna kanga iliyoanikwa kwenye kamba." Maneno yake mwenyewe, lakini sasa yana "tafuna" ndani, yana "anikwa". Hukumkosoa, hukumwambia "sema tafuna". Umemwekea tu sahanini. Kesho atalichukua.

"Na kanga hii ya nani?"

"Ya bibi."

"Bibi akirudi atasemaje?"

"Atamchapa."

"Atamchapa! Mbuzi atakimbilia wapi?"

Na hapo umeshatoka kwenye kitabu, umeingia kwenye mbuzi wa jirani aliyekula mboga zenu mwezi uliopita, mtoto anasimulia yeye, wewe unaitikia. Dakika kumi zimepita na mko ukurasa wa kwanza. Msiogope. Kule Marekani, mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo njia kama hii: uliza, ngoja, ongeza neno juu ya neno la mtoto. Kwa mwezi mmoja tu. Watoto wale wakawapita kwa usemi wenzao ambao wazazi wao waliendelea kuwasomea kama kawaida. Na wale wengine nao walikuwa wanasomewa! Tofauti ilikuwa ni nani anayezungumza. Mama mkwe wangu hakuwa amemsikia Whitehurst, na nadhani hata angemsikia angemwambia soma yako.

Mtoto akitaka kitabu kilekile kila siku, mpe kilekile. Wewe umechoka, yeye ndiyo kwanza anakijenga kichwani. Mara ya kwanza anamtazama mbuzi. Mara ya tano anaona kuna kuku nyuma ya pipa. Mara ya kumi anakuzuia: "Bibi umeruka!" Akikuzuia hivyo, furahi.

Kuna baba mmoja aliniuliza wiki iliyopita, mwalimu, mbona chuoni kwa ustadhi wanahifadhi, na tunawasifu wanaohifadhi? Swali zuri. Kuhifadhi kuna mahali pake na heshima yake, na masikio ya watoto wanaohifadhi huwa makali. Kitabu cha hadithi kina kazi nyingine. Hiki ni cha kuulizana.

Nakuja kwa wale wanaosema hawana kitabu ndani. Mama, hebu simama kidogo, wewe mwenye kanga ya zambarau. Geuka. Tusomeeni basi: SISI SOTE ABIRIA, DEREVA NI MUNGU. Ahsante, kaa mama. Nani anasema hana maandishi nyumbani? Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, nene, za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mtoto anabebwa nayo, anafunikwa nayo, anafutwa kamasi nayo. Chukua kidole chake kidogo, kipitishe: M, U, N, G, U. Sisi darasani tunaanza na herufi ndogo, kwa hiyo atakuja anajua kubwa, hakuna ubaya, atakuja anajua kwamba maandishi yanasema kitu.

Nilimfanyia hivyo mjukuu wangu mmoja kwa kanga hiyohiyo. Nikamsomea, akanyamaza, kisha: "Bibi, Mungu akichoka nani anashika usukani?" Mimi sikuwa na jibu, nikampeleka kwa babu yake. Lakini tazameni alichofanya. Kaelewa abiria, kaelewa dereva, kaona dereva wa basi la Dar hubadilishana na mwenzake njiani, kaleta swali. Huko ndiko kusoma ninakokuzungumzia, na mtoto bado hajui kuandika jina lake.

(Majina mengine ya kanga, ninyi wenyewe mnajua, msiyasome mbele ya watoto. Mnunulieni shangazi.)

Akina baba, nanyi. Dereva wa bajaji una maandishi mbele yako kutwa: nyuma ya daladala, kwenye ukuta wa duka, kwenye vibao vya barabarani. Ukimpakia mwanao kumleta shule, msomee. "Pale wameandika CHUMVI, unaiona CHU?" Mkifika getini mtakuwa mmesoma maneno manne, na hukutumia shilingi. Mfuko wa unga una maandishi. Paketi ya majani ya chai ina maandishi. Msikae mkisubiri mama afanye. Mtoto akimwona baba ameshika kitabu, hata dakika tano kabla ya mpira kuanza, anaona kwamba ni jambo la watu wakubwa.

Na kuna vitu havihitaji hata karatasi. Mnakumbuka kinyume? Enzi zetu tulizungumza kinyume ili wakubwa wasitushike. Kitabu ni "bukita". Nyumba ni "mbanyu". Hatukujua kwamba tunafanya kazi ya darasa la kwanza: kulikata neno silabi kwa silabi na kulipanga upya, bila kuliona. Mtoto anayeweza kusema kinyume, silabi hazimsumbui. Fundisheni tena, hata wakiitumia kuwasengenya. Wafundisheni kale kakuku ka kaka kako wapi kaka, ulimi ujikwae, wacheke. Tegeni vitendawili umeme ukikatika. "Kuku wangu katagia miibani." Atakayesema nanasi ameshalijua nanasi, ameijua miiba, amejua kutaga, na amejua kwamba neno linaweza kusimama mahali pa kitu kingine. Hilo la mwisho wengine wanalipata sekondari.

Lugha gani? Ile inayokutoka bila kufikiri. Kama ni Kidigo, Kidigo. Kama ni Kizigua, Kizigua. Nawaona wazazi wanaomnunulia mtoto wa miaka mitatu vitabu vya Kiingereza, kwa sababu wanataka mwalimu wa shule ya kulipia amsikie anasema "dogi". Halafu mzazi mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Mazungumzo yatakuwa mafupi mno! Kiingereza atakikuta shuleni. Utajiri wa maneno yako hataukuta kwingine.

Simu, nitasema kidogo tu, maana saa inakwenda. Kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ulizinduliwa mwaka 2014, una hadithi za watoto za picha, za Kiswahili zimo, na ni bure. Ukiwa na bando shusha tano, zitakaa. Ila simu ishikwe na watu wawili. Ukimwachia peke yake, ukirudi utamkuta kwenye katuni. Na pale mjini tuna maktaba ya mkoa, ingieni mkaulizie vitabu vya watoto, hamtafukuzwa.

Nimalizie na kabati.

Shule moja niliyofundisha, sitaitaja, ililetewa maboksi ya vitabu vya hadithi. Vitabu vizuri, vya rangi, vinanukia upya. Mkuu wa shule wakati huo akaogopa watoto wataviharibu. Akavipanga kwenye kabati, akatia kufuli, ufunguo mfukoni. Wageni wakija, kabati linafunguliwa, wanaonyeshwa, wanasifu, linafungwa. Na mimi nilikuwemo, nilikuwa na watoto 94, na kabati lilikuwa hatua ishirini kutoka darasani kwangu. Sikuuomba ufunguo hata siku moja. Niliogopa kuambiwa nilipe. Kenya, tangu mwaka 1996, maktaba ya taifa inapakia vitabu juu ya ngamia huko Garissa, ngamia wanatembea juani kwenye vichaka kuwafuata watoto wa wafugaji. Sisi ilikuwa hatua ishirini.

Alipohama, kabati likafunguliwa na mkuu mpya. Mchwa walikuwa wameanza rafu ya chini na kupanda. Vitabu ukivitazama kwa mbele vimesimama wima, vimejipanga, ukishika kimoja kinabaki jalada, ndani ni udongo. Mtoto hata mmoja hakuwa amevichafua.

Kwa hiyo. Hili boksi lililo miguuni pangu lina vitabu 40. Vya mbuzi, vya sungura, kimoja cha mvuvi na papa, kuna kimoja cha mkulima anayepalilia, nimekitafuta makusudi. Kila mlezi atachukua kimoja leo, ataandikwa kwenye daftari la Mwalimu Asha pale mezani, anayejua kusaini atasaini, asiyejua ataweka dole gumba, Jumamosi ijayo mnarudisha na kubadilisha. Hakuna faini. Kikichanika leteni na kipande chake, nina gundi na karatasi ya nailoni. Kikimwagikiwa uji, kianikeni kisha leteni. Kikiliwa na mbuzi, njoo unisimulie ilikuwaje. Lakini atakayenirudishia kitabu kisafi kama kilivyotoka dukani, hakina hata alama ya kidole, huyo nitamkalisha pembeni nimuulize maswali.

Foleni ianzie kwenye benchi la bibi. Akina baba, nyuma. Bibi wa mtandio wa kijani, njoo mama, chagua. Acha maandishi, tazama picha. Unaona nini hapo?